Kupanda Hadi Ziwa Mahoma: Jinsi ya Kupanga na Kulipia Safari Fupi ya Mlimani

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:
(a) kutambua gharama zote za safari fupi ya mlimani kabla ya kulipa;
(b) kumtambua mtu anayewajibika kwake katika kila hatua ya safari;
(c) kudai kifungu cha kurudi katika makubaliano, na kueleza kwa nini kifungu hicho ni cha lazima.

1. Safari tunayoizungumzia

Mkazi wa Mwanza akifikiria mlima, aghalabu hufikiria Kilimanjaro. Hata hivyo, ng'ambo ya Ziwa Victoria, mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ipo safu ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109 na ni cha tatu kwa urefu barani Afrika. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori ilitangazwa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kufika kwenye vilele vya Rwenzori ni kazi ya siku nyingi, na huhitaji kamba na viatu vya barafu. Maziwa ya juu kama Bujuku na Kitandara nayo hayamfai mtu anayepanda mlima kwa mara ya kwanza. Kwa mwanzo mwema ipo njia ya Ziwa Mahoma. Njia hii ni mzunguko wa yapata kilomita 28 unaoanzia Nyakalengija, karibu na mji wa Kasese, na kwa kawaida hutembewa kwa siku tatu na usiku mbili. Mpandaji hupita katika msitu mnene, kisha katika mianzi, hadi kufika ziwani, kwenye kimo cha karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lenyewe ni alama ya barafu iliyopata kushuka hadi hapo zamani za kale. Barafu hiyo ilisukuma vifusi vya mawe na udongo, na ilipoyeyuka ikaacha bonde lililojaa maji.

Kwa Wakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo, milima ya Rwenzori ni mahali patakatifu, na theluji ya juu ni makao ya Kithasamba. Mgeni anayekwenda huko hana budi kujua kwamba anaingia katika nyumba ya imani ya watu wengine. Suala hili tutalirudia katika sehemu ya saba.

2. Maana ya maneno "siku tatu" na "rahisi kwa anayeanza"

Tangazo linaposema "safari ya siku tatu", maneno hayo ni kweli kwa mlimani tu. Hebu tuhesabu safari nzima kutoka Mwanza. Siku ya kwanza, jioni, msafiri hupanda meli kwenda Bukoba. Siku ya pili huenda kwa gari hadi mpaka wa Mutukula, yapata kilomita 80, kisha huendelea hadi Masaka au Mbarara. Siku ya tatu hufika Kasese. Siku ya nne, ya tano na ya sita yuko mlimani. Siku ya saba na ya nane yuko njiani akirudi, na siku ya tisa asubuhi ndipo anaposhuka tena bandarini Mwanza. Kwa hiyo mlaji anayeomba likizo ya siku tano kwa ajili ya "safari ya siku tatu" atakuwa amejidanganya, au amedanganywa.

Anayetaka kwenda kwa barabara anaweza kupita Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, kisha Geita, Biharamulo na Muleba hadi Bukoba. Njia hii humwondolea msafiri kufungwa na ratiba ya meli, kwa kuwa meli haiondoki kila siku.

Neno "rahisi" nalo lina mipaka yake. Maana yake ni kwamba njia haihitaji kamba wala ujuzi wa kukwea. Halina maana kwamba hakuna matope, mvua, baridi ya usiku au miteremko mikali. Rwenzori hupata mvua karibu mwaka mzima; vipindi vyenye unafuu ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti. Hata katika vipindi hivyo, mabuti ya mpira na koti la mvua ni vifaa vya lazima. Uliza mapema kama vifaa hivyo, pamoja na hema na mfuko wa kulalia, vimo katika bei au vinakodishwa kwa malipo ya pembeni.

3. Gharama zinazojificha

Bei moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa haimwambii mlaji chochote mpaka ichanganuliwe. Dai mchanganuo wa maandishi wenye vipengele vifuatavyo, na mbele ya kila kipengele liandikwe neno "imo" au "haimo":

(a) nauli ya meli au basi, kwenda na kurudi;
(b) malazi na chakula njiani, kabla na baada ya kupanda mlima;
(c) ada ya kuingia hifadhini inayotozwa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda;
(d) malipo ya waongozaji, wapishi na wapagazi;
(e) kukodi vifaa;
(f) malazi kambini;
(g) bima;
(h) kodi.

Kipengele cha (c) kinahitaji uangalifu wa pekee. Hifadhi za Uganda zina viwango tofauti vya ada kwa raia wa Afrika Mashariki, kwa wageni wanaoishi katika ukanda huu na kwa wageni kutoka nje. Mtanzania ni raia wa Afrika Mashariki, na anastahili kiwango chake endapo atathibitisha uraia. Anayekuuzia safari kwa kiwango cha mgeni wa mbali, kisha akalipa hifadhini kiwango cha raia wa Afrika Mashariki, amebaki na fedha yako. Njia ya kujilinda ni nyepesi: omba risiti ya hifadhi yenye jina lako, na omba iandikwe katika makubaliano kwamba utakabidhiwa risiti hiyo.

4. Nani anawajibika kwako?

Safari hii ina watoa huduma wengi: mwenye meli, mwenye basi, hifadhi, waongozaji, nyumba za kulala wageni. Mlaji anaweza kuwalipa mmoja mmoja, au kumlipa wakala mmoja aliyeko Mwanza. Njia zote mbili ni halali, lakini hazitoi ulinzi unaolingana.

Ukinunua kwa wakala aliyesajiliwa Tanzania, una mtu wa kumdai hapa nyumbani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei, ubora na sifa za huduma. Mwombe wakala akuonyeshe leseni ya biashara ya utalii, ijulikanayo kama TALA, na linganisha jina lililoko kwenye leseni na jina litakalotokea unapolipa. Majina yakitofautiana, usilipe. Dai risiti ya EFD kwa kiasi kamili ulichotoa, hata kama ni malipo ya awali tu.

Ukimlipa moja kwa moja mtoa huduma aliyeko Uganda, madai yako yatafuata taratibu za nchi ile. Katika hali hiyo, hakikisha kwanza kwamba anatambuliwa na Bodi ya Utalii ya Uganda au na mamlaka ya hifadhi, na punguza kiasi unachotanguliza.

Kuhusu ujumbe wa simu unaokuhimiza "kulipa leo kabla nafasi hazijaisha" kwa namba ya mtu binafsi, ushauri wetu ni mmoja: usilipe. Ukibaini kuwa ni utapeli, tuma namba ya tapeli kwenda 15040, huduma iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa ajili hiyo.

Kuhusu safari ya majini, jina lako liwe katika orodha ya abiria, likiwa limeandikwa sawasawa na kitambulisho chako. Hatusemi hivi kwa kupenda makaratasi. Watu wa Kanda ya Ziwa hatujasahau tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza na kuchukua mamia ya ndugu zetu. Mtu anayekuambia upande tu, tiketi utakatiwa ndani, anakuomba usafiri bila jina.

5. Mwili wako na kimo cha mlima

Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kambi za Mahoma ziko karibu mita 3,000. Wataalamu wa afya huanza kutahadharisha kuhusu ugonjwa wa mwinuko kuanzia mita 2,500. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida na kukosa usingizi. Kanuni ni mbili. Mwenye dalili asiendelee kupanda. Dalili zikizidi, ateremke mara moja, hata kama ni usiku.

Katika Kanda ya Ziwa tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu, nayo ni selimundu. Ukanda wetu ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye watu wengi wenye vinasaba vya ugonjwa huo. Hewa ya mlimani yenye oksijeni haba inaweza kumletea mgonjwa wa selimundu hatari kubwa, na hata mtu aliyerithi kinasaba kimoja tu, ambaye hajawahi kuugua, anaweza kupata madhara. Pima kabla ya kulipa, kwa sababu ukipima baada ya kulipa utashawishika kuyapuuza majibu. Wenye shinikizo la damu, pumu au maradhi ya moyo, pamoja na wajawazito, wamwone daktari kwanza.

Uganda humtaka mgeni awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo hutolewa angalau siku 10 kabla ya safari. Mtanzania hahitaji viza, lakini anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Idara ya Uhamiaji. Usidhani kwamba bima yako ya afya ya nyumbani inavuka mpaka. Uliza, upewe jibu kwa maandishi. Ukinunua bima ya safari, soma kama inahusu kupanda mlima hadi mita 3,000 na kubebwa kwa machela kutoka porini.

Mazoezi hayana gharama. Milima ya mawe ya Mwanza inatosha: panda Capri Point au ngazi za Bugando mara tatu kwa juma, kwa wiki sita, ukiwa na begi mgongoni na viatu utakavyosafiri navyo.

6. Kifungu cha kurudi

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Tuchukue mfano wa kufundishia. Wafanyakazi sita wa ofisi moja jijini Mwanza wamechanga shilingi 1,200,000 kila mmoja, jumla shilingi 7,200,000. Usiku wa kwanza mlimani mmoja wao anaumwa kichwa na kutapika. Alfajiri bado hajapata nafuu, na ziwa liko mbele yao.

Katika makubaliano ya kwanza imeandikwa: "Malipo hayarudishwi kwa sababu yoyote." Kundi lina mwongozaji mmoja. Sasa wana njia tatu, na zote ni mbaya. Wote sita warudi, na watano wapoteze walichokifuata. Au mgonjwa aachwe kambini na mpagazi asiyefundishwa huduma ya kwanza. Au mgonjwa mwenyewe, kwa kuona haya mbele ya wenzake na kwa kukumbuka alivyodunduliza fedha ile miezi minane, aseme "nimepona" na kuendelea kupanda. Njia hii ya tatu ndiyo ya hatari kuliko zote, na ndiyo ambayo binadamu wengi huichagua. Hapo fedha iliyolipwa Mwanza imegeuka kuwa daktari, nayo haijui tiba.

Katika makubaliano ya pili, kundi lina waongozaji wawili, na masharti ya kurudi yameandikwa. Mgonjwa anateremka na mwongozaji mmoja, analala chini kwa gharama iliyokwisha kulipwa, na wenzake wanaendelea na mwongozaji wa pili. Hapotezi kila kitu, haharibu safari ya mtu, na hana sababu ya kudanganya kuhusu afya yake.

Tofauti ya makubaliano hayo mawili ni maneno machache, ambayo mlaji anaweza kuyanakili na kumtaka muuzaji ayatie sahihi:

"Mwongozaji akiamua, au msafiri akiomba kwa sababu ya afya, msafiri atateremshwa bila kuchelewa akiwa pamoja na mwongozaji mwenye sifa. Wasafiri waliobaki wataendelea na mwongozaji mwingine. Aliyeteremka atapewa malazi na chakula mahali pa kuanzia hadi kundi litakaporudi, bila malipo ya ziada. Gharama ambazo hazijatumika zitarejeshwa ndani ya siku 14, pamoja na mchanganuo wa maandishi."

Tunasisitiza maneno "gharama ambazo hazijatumika". Si haki kumdai muuzaji ada ya hifadhi ambayo tayari ameilipa, wala ujira wa wapagazi waliokwisha kufanya kazi. Haki ya mlaji ni kurejeshewa kile ambacho hakikutolewa. Muuzaji mwaminifu hataona shida kuandika hivyo. Muuzaji atakayekataa kifungu chote atakuwa amekueleza, kabla hujatoka Mwanza, jinsi atakavyokutendea ukiugua.

Kifungu hichohicho kitaje pia hali mbili nyingine: hifadhi kufunga njia kwa sababu ya mvua au usalama, na muuzaji kuahirisha safari. Katika hali ya kwanza, mlaji apewe tarehe nyingine au arejeshewe gharama zisizotumika. Katika hali ya pili, arejeshewe fedha yote.

7. Heshima haiuzwi

Wenyeji wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kufundishwa maana ya mahali penye heshima. Anayekwenda kuliona jiwe linalocheza kisiwani Ukara hujua kwamba humsikiliza kwanza mtunzaji wa mahali pale. Adabu hiyohiyo tuibebe Rwenzori. Muulize mwongozaji, ambaye mara nyingi ni Mkonzo, nini hufanywa na nini hakifanywi ziwani. Usioge wala kufua humo, usitupe taka, usichukue jiwe wala mmea, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Ikiwa wenyeji wana mchango wa kimila unaotakiwa kwa mgeni, uandikwe katika mchanganuo kabla ya safari, pamoja na jina la taasisi inayoupokea. Anayeibuka njiani akidai "fedha ya baraka" ambayo haikutajwa, mweleze kwa upole kwamba malipo yote yako kwa kiongozi wa msafara. Kumbuka pia kwamba bei iliyo chini mno ina anayeilipia. Mara nyingi ni mpagazi anayebeba mzigo uliozidi, akilala bila blanketi. Uliza ujira wake ni kiasi gani na hulipwa lini.

8. Mambo yakienda kombo

Muarifu kwanza muuzaji kwa maandishi, ukitaja tarehe, kifungu kilichovunjwa na unachodai. Mpe muda wa kujibu, na tunza nakala. Asipojibu, peleka lalamiko panapohusika: basi, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), meli, Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC), bima, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), leseni ya utalii, Wizara ya Maliasili na Utalii. Lalamiko kuhusu tangazo la uongo au bei ya kupotosha, lilete kwetu. Njoo na makubaliano, risiti, picha ya tangazo na ujumbe wote mlioandikiana. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mara nyingi kinachotuzuia kumsaidia mlalamikaji mwenye haki ni kwamba hana karatasi hata moja mkononi.

Maswali ya kujipima

1. Tangazo linasema "Rwenzori siku tatu, kila kitu kimo." Taja vipengele vinne utakavyotaka viandikwe "imo" au "haimo".
2. Kwa nini inafaa kupima afya kabla ya kutoa malipo ya awali?
3. Kundi la watu wanne linapewa mwongozaji mmoja. Eleza hatari iliyopo, na kipengele utakachodai kiongezwe.
4. Chukua makubaliano yoyote ya safari uliyo nayo nyumbani. Tafuta kifungu cha kurudi. Ikiwa hakipo, kiandike kwa maneno yako mwenyewe.

Ziwa Mahoma limekuwapo tangu barafu ilipoliacha, na litaendelea kuwapo. Mlaji ambaye safari hii amelazimika kuteremka kabla ya kulifikia ataliona mwaka mwingine, maadamu alirudi nyumbani akiwa mzima na risiti zake mfukoni.